Samuel Johnson na vijineno vya Kiingereza

Mwaka jana mjomba wangu alipoteza fedha kwa sababu yangu. Yeye ni mfanyabiashara mdogo hapa Lubumbashi: hununua unga wa mahindi upande wa Zambia na kuupitisha Kasumbalesa. Siku moja muuzaji wake alimpigia simu. Yule bwana anasema Kiingereza, na mjomba anasema Kiswahili na Kifaransa, kwa hiyo akanipa simu mimi, msomi wa familia. Nilimsikia muuzaji akitaja mzigo, kisha kitenzi put off, kisha mtandao ukakatika. Put nililijua tangu sekondari. Off nililijua pia, ndilo linaloandikwa kwenye vifaa vya umeme. Nikaunganisha mawili hayo na kumwambia mjomba kwamba mzigo umefutwa. Akanunua unga kwa jirani kwa bei ya juu. Siku tatu baadaye lori lilifika mpakani na muuzaji akadai fedha zake. Mzigo haukuwa umefutwa, ulikuwa umeahirishwa tu.

Mjomba hakunigombeza. Aliniuliza tu tunafundishwa nini huko chuoni miaka yote hii. Swali hilo lilinirudisha kwenye vitabu, na humo nikakutana na mtu ambaye nilimjua kwa jina tu: Samuel Johnson, mtunga kamusi wa Uingereza wa karne ya 18. Katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, Johnson alitenga aya moja kwa jambo lile lile lililoniangusha kwenye simu. Ninaandika maisha yake hapa kwa ajili ya wenzangu wa fakulte, na pia kwa walimu wetu, kwa sababu nitakayoieleza mwishoni.

Mtoto wa muuza vitabu

Johnson alizaliwa tarehe 18 Septemba 1709 katika mji wa Lichfield, katikati ya Uingereza. Baba yake, Michael, aliuza vitabu lakini hakupata faida kubwa. Mtoto aliugua uvimbe wa tezi za shingo, ugonjwa uliomwachia makovu na kumdhoofisha macho. Watu wa wakati ule waliamini kwamba mkono wa mfalme huponya ugonjwa huo, kwa hiyo mwaka 1712 mama yake alimpeleka London akaguswe na Malkia Anne. Hakupona. Alikua akiwa mkubwa wa mwili, mwenye kushtukashtuka bila kutaka, mwenye kusoma kitabu akiwa amekigandisha karibu na uso.

Mwaka 1728 aliingia Chuo Kikuu cha Oxford. Alikaa miezi kama 13, kisha fedha zikaisha na akarudi nyumbani bila shahada. Husimuliwa kwamba viatu vyake vilikuwa vimetoboka, na mtu mmoja mwenye huruma akamwekea viatu vipya mlangoni kwa siri. Johnson alivitupa kwa hasira. Nadhani wengi wetu tuliowahi kusubiri fedha za masomo tunaielewa hasira hiyo bila kufafanuliwa.

Alipokuwa na umri wangu wa sasa, miaka 24, alikuwa Birmingham hana kazi ya kudumu, akipambana na huzuni nzito ambayo haikumwacha maisha yake yote. Ni katika kipindi hicho alipofanya kazi yake ya kwanza ya kitabu: alitafsiri kwa Kiingereza safari za padri Mreno Jerónimo Lobo huko Ethiopia, akitumia nakala ya Kifaransa. Mara nyingine alilala kitandani akitamka tafsiri huku rafiki yake Edmund Hector akiandika. Kitabu kilitoka mwaka 1735 na malipo yake yalikuwa gini tano. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu maktabani. Mtunga kamusi mkubwa wa Kiingereza alianza kama tunavyoanza sisi, kwa kutafsiri kitabu cha Afrika kutoka Kifaransa kwa malipo madogo.

Mwaka huo huo wa 1735 alimwoa Elizabeth Porter, mjane aliyemzidi umri kwa miaka kama 20. Kwa fedha za mke wake alifungua shule karibu na Lichfield, lakini wanafunzi walikuwa wachache mno na shule ikafungwa. Mmoja wao alikuwa David Garrick, ambaye baadaye alikuwa mwigizaji mashuhuri kuliko wote nchini humo. Mwaka 1737 mwalimu na mwanafunzi waliondoka pamoja kwenda London kutafuta maisha.

Miaka tisa ya kamusi

London ilimlisha kwa shida. Aliandika kwenye magazeti, akatunga taarifa za mijadala ya Bunge, akatafsiri, akaandika chochote kilicholipwa. Mwaka 1746 kundi la wauza vitabu lilifanya naye mkataba wa kutunga kamusi kubwa ya Kiingereza kwa pauni 1,575. Kutoka fedha hizo ilimbidi kulipa wasaidizi na karatasi mwenyewe. Akaahidi kumaliza kwa miaka mitatu.

Rafiki mmoja alimkumbusha kwamba Akademia ya Ufaransa, yenye wajumbe 40, ilichukua miaka 40 kutunga kamusi yake. Johnson alipiga hesabu ya utani: 40 mara 40 ni 1,600, basi uwiano wa Mwingereza kwa Mfaransa ni 3 kwa 1,600. Utani huo ulimrudia, kwa kuwa badala ya miaka mitatu alitumia karibu tisa. Hata hivyo, mtu mmoja na wasaidizi sita kumaliza kazi ile kwa miaka tisa bado ni ajabu.

Alikodi nyumba katika uwanja mdogo wa Gough Square, na chumba cha juu kikawa karakana. Alisoma vitabu vya waandishi wa Kiingereza, akapigia mstari kwa kalamu ya risasi sentensi aliyoitaka, na kuandika pembeni herufi ya kwanza ya neno. Wasaidizi, watano kati yao Waskoti, walinakili sentensi hizo kwenye vipande vya karatasi. Marafiki waliomwazima vitabu vyao walivipokea vikiwa vimejaa alama, na wengine walijuta. Sehemu moja ya mswada aliiandika pande zote mbili za karatasi, na ikambidi kulipa pauni 20 inakiliwe upya upande mmoja ili mpiga chapa aweze kuitumia.

Mwanzoni, katika mpango alioutoa mwaka 1747, alitumaini kwamba kamusi itaituliza lugha, iache kubadilika ovyo. Maneno makubwa yenye asili ya Kilatini hayakumsumbua sana. Hayo ni kama wageni rasmi: wana maana moja au mbili, na wanafika wakiwa na hati zao. Yaliyomsumbua ni maneno mafupi ya nyumbani: come, get, give, go, put, set, take. Kitenzi take peke yake kilimtoa jasho mpaka akafikisha maana 134.

Aya moja ya dibaji

Sababu mojawapo ya wingi huo ni ile iliyonikuta mimi. Kiingereza huchukua kitenzi cha kawaida, hukifuatisha kijineno kama up, off, out, in au over, na mawili hayo yanakuwa kitenzi kimoja chenye maana yake. Johnson aliona kwamba muundo huu umeenea katika Kiingereza pengine kuliko lugha nyingine yoyote, na kwamba hapo ndipo mgeni anapopata shida kubwa kuliko zote. Akatoa mifano. Set out ni kuanza safari. Set off ni kupamba. Set in ni kuanza na kuendelea bila kukatika. Take off ni kuiga. Break off ni kuacha ghafla. Akakiri kwamba baadhi ya maana hizo zimeenda mbali sana na maneno yaliyozizaa, kiasi kwamba akili haiwezi kufuata nyayo zake. Kwa hiyo alizikusanya kwa uangalifu, akijua hazikukamilika, kwa matumaini kwamba mwanafunzi akikutana na nyingine ataielewa kwa kulinganisha.

Nilifungua put off humo. Nilikuta maana ya kuvua nguo, ya kumzungusha mtu kwa visingizio, na ya kuahirisha. Jibu la simu ya mjomba lilikuwa limeandikwa tangu mwaka 1755.

Tangu hapo nimejaribu kupanga vitenzi hivi katika mafungu matatu. La kwanza halina taabu: go out ni kwenda nje, sit down ni kukaa chini, kijineno kinaonyesha mwelekeo tu. La pili linaonyesha namna tendo linavyokwenda: eat ni kula, eat up ni kula mpaka kumaliza. La tatu ndilo la mtego: give ni kutoa na up ni juu, lakini give up ni kukata tamaa au kuacha. Kuna pia kanuni ya nafasi. Unaweza kusema put off the meeting au put the meeting off, lakini ukitumia kiwakilishi lazima kikae katikati: put it off. Huwezi kusema put off it. Mwingereza hafundishwi kanuni hiyo na haikosei.

Angalia sasa siku ya kawaida ya mtu anayesema Kiingereza. Anaamka, wake up. Anatoka kitandani, get up. Anavaa, put on. Anazima taa, turn off. Anatoka, go out. Anarudi, come back. Siku nzima imepita na hajahitaji neno moja refu la Kilatini. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, vitenzi vingi vya Kifaransa viliingia kupitia mahakama, kanisa na shule, lakini jikoni na sokoni vitenzi vya kale viliendelea na vijineno vyake. Hapa ndipo sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunapojikwaa. Tukitaka kuacha tunasema abandon, tukitaka kuendelea tunasema continue, tukitaka kurudi tunasema return. Hatukosei sarufi, ila tunasema kama barua ya ofisi, na mtu akitujibu kwa lugha ya sokoni hatumsikii.

Johnson mwenyewe alikuwa na lugha hizo mbili kifuani. James Boswell, aliyekutana naye mwaka 1763 na baadaye kuandika maisha yake, anasimulia kwamba siku moja Johnson alitoa hukumu juu ya mchezo mmoja wa jukwaani kwa maneno mafupi ya kila siku. Kisha akanyamaza kidogo na kuirudia hukumu ile ile kwa maneno marefu yenye mizizi ya Kilatini, kana kwamba ya kwanza haikuvaa koti. Wasomaji wengi wameona kwamba ile ya kwanza ilikuwa na nguvu zaidi. Mtu aliyependa koti kiasi hicho ndiye aliyekaa miaka mingi akipanga maana za get na put. Kwangu, hiyo ndiyo heshima yake.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa na madharau yake: neno fun, ambalo leo kila mtoto analitumia, alilipiga muhuri wa neno la chini. Mifano yake mingi aliitoa vitabuni, si midomoni mwa watu wa mitaani. Na alikosea. Alieleza sehemu ya mguu wa farasi kuwa goti, na mama mmoja alipomuuliza sababu, alijibu kwamba ni ujinga tu, hakutafuta kisingizio. Walimu wachache wangejibu hivyo, na wanafunzi wachache zaidi.

Baada ya kamusi

Kamusi ilitoka tarehe 15 Aprili 1755 katika majuzuu mawili makubwa, yenye maneno zaidi ya 42,000 na mifano zaidi ya 110,000. Mke wake hakuiona, alikuwa amefariki mwaka 1752. Lord Chesterfield, tajiri ambaye Johnson alimwelekezea mpango wa mwaka 1747 na ambaye hakumsaidia miaka yote ile, alijitokeza kuisifu kamusi ilipokaribia kutoka. Johnson alimwandikia barua ya kukataa ulezi uliokuja wakati hauhitajiki tena. Chuo cha Oxford, alichokiacha kwa ukosefu wa fedha, kilimpa shahada ya heshima mwaka huo ili jina la kitabu liwe na uzito.

Sifa hazikumlisha. Mwaka 1756 alikamatwa kwa deni, na mwandishi wa riwaya Samuel Richardson ndiye aliyemtumia fedha za kumkomboa. Mwaka 1759 mama yake alifariki, naye akaandika haraka hadithi ya Rasselas, mwana wa mfalme wa Ethiopia, ili kulipia maziko na madeni madogo ya marehemu. Ahueni ilikuja mwaka 1762, Mfalme George III alipompa pensheni ya pauni 300 kwa mwaka.

Lipo jambo ambalo vitabu vya lugha hulipita haraka. Mwaka 1752, muda mfupi baada ya kifo cha mkewe, aliingia nyumbani mwake kijana Mweusi aitwaye Francis Barber, aliyezaliwa utumwani Jamaika. Alikuwa mtumishi, lakini Johnson alimpeleka shule, na katika wosia wake alimwachia sehemu kubwa ya mali yake. Wapo waliokasirika kwamba Mweusi amerithi. Johnson alichukia utumwa waziwazi: aliwahi kuinua bilauri mbele ya wasomi wa Oxford, akitakia heri uasi ujao wa watumwa katika visiwa vya Karibi. Hiyo ilikuwa karne ambayo meli za nchi yake zilijaza watumwa kutoka pwani zetu pia.

Juni 1783 alipatwa na kiharusi usiku na kupoteza sauti. Ili kujua kama akili ilikuwa imebaki, alitunga sala ya mashairi kwa Kilatini kichwani. Aliona mashairi si mazuri, na kule kuona kwamba si mazuri kukamtuliza: uamuzi wake ulikuwa bado mzima. Sauti ilirudi. Alifariki tarehe 13 Desemba 1784 na kuzikwa katika kanisa la Westminster Abbey.

Vijineno vyetu

Sasa nieleze sababu niliyoiahidi. Kazi yangu ya kumaliza masomo nilitaka kuiandika juu ya kijineno -ko cha Kiswahili cha Lubumbashi. Ukimwambia mtoto leta mayi, umemwamuru. Ukisema leta-ko mayi, umemwomba, au umepunguza ukubwa wa ombi. Kila mama sokoni anajua kulainisha neno hivyo, na anayeacha -ko mbele ya mkubwa anaonekana hana adabu. Nilipoitaja mada hiyo, niliambiwa kwamba hayo ni makosa ya mitaani, na kwamba msomi huandika juu ya Kiswahili sanifu. Nikaanza kutafuta mada nyingine.

Maisha ya Johnson yamenirudisha kwenye -ko. Lugha zetu za Kibantu hufanya kwa viambishi mengi ambayo Kiingereza hufanya kwa vijineno: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Hayo yamo katika vitabu. Lakini -ko haimo katika kamusi nilizonazo mezani, na mgeni anayejifunza Kiswahili chetu atajikwaa hapo kama nilivyojikwaa kwenye simu. Ataeleweka, ila ataonekana mkali, na hakuna atakayemweleza kwa nini.

Johnson alianza akitaka kuifunga lugha isibadilike, na katika dibaji alikubali kwamba hakuna kamusi iwezayo. Mifano yake yenyewe imemthibitishia: set off leo watu wengi huisikia kama kuanza safari, na take off ni ndege kuruka. Alichoweza ni kuandika kwa uaminifu jinsi watu walivyokuwa wakitumia maneno yao, makubwa kwa madogo, na kukiri alipokosea. Hilo lilitosha kumsaidia mwanafunzi wa Lubumbashi zaidi ya miaka 260 baadaye.

Kwa hiyo nimerudisha mada yangu ya kwanza kwa mwalimu wangu, nikiambatanisha sentensi 80 nilizozisikia na kuziandika sokoni na nyumbani. Nyingi amenipa mjomba, ambaye bado hajanirudishia kazi ya kupokea simu za Zambia.